ASBEL KIPROP: DOPING ILIMPA DHAHABU, DOPING IKAMCHAFULIA JINA

Pale Mkuza, Kibaha kuna shule za Filbert Bayi, yule Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch. Mbio hizohizo ndizo zilizompa jina Asbel Kiprop wa Kenya.

Olimpiki ya Beijing 2008 Kiprop alimaliza wa pili. Baadaye Rashid Ramzi wa Bahrain akakutwa na dawa, akavuliwa dhahabu, akapewa Kiprop. Poa, lakini wimbo wa taifa uwanjani ulishapigwa wa mwenzie. Ile siku hairudi tena.

Jamaa akaja kuwa bingwa wa dunia mara tatu: 2011, 2013 na 2015. Halafu sampuli yake ya Novemba 2017 ikakutwa na EPO, ile dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Alikana, ila 2019 akafungiwa miaka minne.

Kuna wanaosema alionewa, adhabu kali mno. Hapana wadau. Miaka minne inaisha. Aliyekimbia kihalali nyuma ya mtu mwenye dawa anarudishiwa nini? Kiprop alilijua jibu kuliko mtu yeyote. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kuna dogo saa hizi anapandisha vilima vya Kisarawe, raba zimetoboka, anaamini pumzi zake zinatosha. Huyo ndiye wa kuonewa huruma.

Au nyie mnasemaje?