Madoa Matatu na Doa Moja

Msafiri wa reli ya kati atokaye pwani, akiisha kuiacha Manyoni nyuma yake na kuuona msitu wa miombo ukimwandama dirishani saa baada ya saa, huipita stesheni ya Goweko, katika wilaya ya Uyui, pengine bila hata ya kuamka, kwa kuwa ni stesheni ndogo na Tabora i karibu, na mawazo yake yamekwisha kutangulia huko. Katika siku za mvua za mwezi wa Machi ilinipasa kukaa hapo siku tatu nikimwuguza jamaa yangu, na kila alasiri mgonjwa alipopata usingizi nilitoka kutembea kando ya reli, mahali ambapo majani yalikuwa yamefika magotini na maua ya porini yamechanua kwa wingi. Hapo ndipo nilipowaona vipepeo wawili, wote rangi ya chungwa lililoiva, wote na ncha nyeusi za mabawa ya mbele, na ndani ya weusi ule mkanda wa madoa meupe kama chokaa.

Mtoto mmoja wa shule alikuwa akirudi nyumbani, begi mgongoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wale ni nini?"

"Vipepeo."

"Wa namna moja, au namna mbili?"

Aliwatazama kidogo, kwa adabu, kama mtu anayetazama kitu alichokwisha kukijua. "Ni walewale, babu."

Si walewale, na kosa la mtoto yule ndilo kosa ambalo ndege wa msitu ule hulifanya kila siku, na maisha ya mmoja wa vipepeo wale wawili yamesimama juu ya kosa hilo. Nilimwomba achuchumae nami, tusitupe kivuli juu ya ua, tungoje watandaze mabawa. Wa kwanza, ambaye Linnaeus alimpa jina la Danaus chrysippus mwaka 1758, alikuwa na madoa meusi matatu katikati ya bawa la nyuma, madogo, yaliyotengana. Na lau angalikuwa dume tungaliona la nne, ambalo ni kifuko cha manukato anayowaendea nayo majike. Wa pili, Hypolimnas misippus, aliyepewa jina na bingwa huyo huyo mwaka 1764, alikuwa na doa moja tu, nalo halikuwa katikati bali limeegemea ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Na pindo lake jeusi, badala ya kupita kwa mstari laini, lilikuwa limechongeka kama meno ya msumeno, na ndani yake vijimwezi vyeupe vimepangwa safu. Tena huyu wa pili ni jike peke yake. Dume lake ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'aro wa buluu na zambarau, na mtu asiyeambiwa hawezi hata kidogo kudhani kuwa wale ni mume na mke.

Sababu ya mfanano huo ni chakula. Kiwavi wa kipepeo wa madoa matatu hula mimea ambayo ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na aghalabu uchungu na sumu ya utomvu ule hubaki mwilini mwake hata akaota mabawa; ndege akimla hutapika, na asahau mengine yote lakini rangi ile ya chungwa haisahau. Kiwavi wa kipepeo wa doa moja hula majani laini yasiyo na dhara, na mama yake ni mnofu mtamu kwa ndege yeyote. Kinga yake yote ni libasi aliyoiazima. Wala libasi hiyo haifai kitu ila wenye kuiazima wawe wachache kuliko wenyewe, kwa maana ndege akionja watamu wengi kuliko wachungu, atajifunza kinyume.

Mambo haya yalifahamika kwanza kwa wanazuoni katika misitu ya Amazoni, ambako Mwingereza Henry Walter Bates alikaa miaka 11, tangu 1848 hata 1859, akipanga sandukuni vipepeo aliowadhani wa jamaa moja na kugundua, alipochungua mishipa ya mabawa, kwamba wamo wageni waliovaa nguo za wenyeji. Alitangaza rai yake mwaka 1862. Lakini sioni kwa nini mfano wa jambo hili katika vitabu utoke Brazili sikuzote, ilhali mashahidi wake wazuri kabisa wako kwetu. Daktari G. D. Hale Carpenter, aliyetumwa katika visiwa vya Ziwa Viktoria kuchunguza malale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliona kuwa katika visiwa ambako vipepeo wachungu ni haba, wale waigaji hulegea: alama zao huchanganyika, huwa si huyu wala si yule, kwa sababu ndege wa huko hawakupata mwalimu wa kuwafunza kuogopa. Nijuavyo mimi, ithibati iliyo bayana kuliko hiyo ni nadra.

Siku ya pili nilimkuta bibi mmoja ameketi karibu na stesheni, na mbele yake vifungu vya uyoga juu ya jani pana. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamwuliza anautambuaje ule wa kula, nami najua kwamba msitu ule ule huzaa uyoga uuao nyumba nzima kwa mlo mmoja. Hakunijibu kwa maneno mengi. Aliuchukua mmoja, akaugeuza kofia chini, akapitisha kidole gumba juu ya mikunjo yake, akalivunja shina, akanusa, kisha akaniambia: "Ukiutazama juu tu, mwanangu, wote ni ndugu. Ugeuze."

Nimelifikiri sana neno lile. Bibi yule hakusoma Bates, lakini elimu yake ni ileile: kutokubali sura ya jumla, kutafuta ile alama moja ambayo mwenye kufanana hakuweza kuiiga. Na nchi ile ya Unyamwezi imeishi kwa elimu hiyo. Misafara ya pembe iliyopita njia ya Tabora, ambayo Burton na Speke waliifuata wakafika Kaze mwezi wa Novemba 1857, iliongozwa na kirangozi ambaye kwenye njia panda aliifunga njia isiyofaa kwa tawi lililolazwa au mstari uliochorwa mchangani, na pagazi wa nyuma asiyeuona mstari ule alipotea porini na mzigo wake. Mrina asali wa leo hutofautisha nyuki kwa mvumo wao kabla hajauona mzinga.

Basi pana watu watakaouliza: uyoga tunakula, asali tunauza, kipepeo ana faida gani kwa mkulima wa tumbaku mwenye madeni? Swali ni la haki, nami nalijibu kwa kisa cha mtu mmoja. Charles Swynnerton, kabla ya kuja Tanganyika, alikaa Chirinda, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, akifuga ndege na kuwapa vipepeo mmoja baada ya mmoja, huku akiandika nani ameliwa, nani amekataliwa, na ndege alikuwa na njaa kiasi gani alipokataa. Mwaka 1919 akawa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika, kisha akaongoza utafiti wa mbung'o kule Shinyanga, hata akafariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Na namna moja ya mbung'o wa kaskazini mwa nchi yetu imeitwa kwa jina lake. Subira iliyofunzwa na vipepeo ndiyo iliyokabili malale, maradhi ambayo zama hizo yalisababisha watu wengi wa magharibi kuhamishwa na kukusanywa pamoja. Na mbung'o mwenyewe hutambulikana kwa bawa: akitua hulaza moja juu ya la pili kama makali ya mkasi uliofungwa, na katikati ya bawa mishipa yake huzingira kijumba chenye umbo la shoka, alama ambayo nzi mwingine hana. Mtoto aliyezoea kuhesabu madoa ya kipepeo ataliona shoka lile mara moja, na ng'ombe wa baba yake watapata nafuu.

Rai yangu, basi, ni kwamba shule zetu zifundishe kutazama. Hivi sasa mwanafunzi huandika daftarini yai, lava, pupa na mdudu kamili, hukariri, hujibu mtihani akashinda, na nje ya dirisha mdudu kamili anapita bila ya kuulizwa jina. Jina lenyewe hana. Sisi tulio na embe dodo, embe bolibo na embe sindano, kwa kuwa embe tumezitazama na kuzionja, tumewafumba vipepeo wote katika neno moja. Mimi ningependa huyu wa madoa matatu aitwe kipepeo mchungu, na yule wa doa moja kipepeo mwigaji. Mwenye jina bora na alilete. Lakini yaletwe upesi, kwa sababu msitu wenyewe unapungua: kila msimu magogo ya myombo na mtundu huingia katika mabani ya kukaushia tumbaku, na wengi wa vipepeo wa miombo hawana kwao pengine. Hawa wawili wa Goweko hawahofiwi, maana wanaweza kuishi hata kandokando ya mashamba. Na mwigaji amefika hata visiwa vya Karibi na Guiana, ambako wapo wataalamu wanaodhani alivushwa na merikebu za watumwa. Ninawahofia wale ambao hatujawatazama bado.

Siku ya tatu, mgonjwa wangu akiwa ameweza kuketi na kunywa uji, yule mtoto alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, anahema.

"Babu, nimemwona mwingine. Hana ncha nyeusi kabisa. Wa chungwa mpaka mwisho wa bawa."

"Na nyuma ana madoa mangapi?"

"Matatu. Nimeyahesabu mara mbili."

Nilimwambia kwamba huyo ni kipepeo mchungu vilevile, kwa kuwa katika Afrika ya Mashariki yupo wa ncha nyeusi na yupo asiye nayo, tena upo ukoo wake mwingine wenye bawa jeupe la nyuma. Alinyamaza, akakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Basi na yule mwigaji, babu, naye yuko asiye na ncha?"

"Yuko. Nenda ukamtafute."

Hakungoja neno la pili. Nilimwona akivuka reli mbio, kisha akapunguza mwendo, akainama, akaanza kunyata ndani ya majani.