Utafiti wa ubongo wahitaji watu kabla ya majumba

Neno miundo-msingi linapotajwa hapa kwetu, mawazo ya wengi hukimbilia barabara, madaraja na majumba yenye vioo. Likitajwa mintarafu ya utafiti wa sayansi, mambo huwa ni yale yale: jiwe la msingi huwekwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, na baada ya miaka miwili mashine iliyoagizwa ng'ambo imefunikwa shuka kwa kukosa kipuri au fundi. Ndiyo sababu ninawaomba wasomaji, hasa walimu na wanafunzi wa vyuo, watazame jinsi Ujerumani ilivyoujenga utafiti wake wa ubongo tangu 2004.

Kwanza tuielewe shida yenyewe. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja huwasiliana na nyingine nyingi kwa mipigo ya umeme na kwa kemikali. Mwanabiolojia aliye maabarani aweza kutia elektrodi nyembamba katika ubongo wa panya na kuirekodi mipigo hiyo, lakini rekodi pekee hazimwelezi ni kanuni gani iliyoizaa. Mwanahisabati naye aweza kuandika milinganyo na kuiendesha katika tarakilishi, lakini milinganyo isiyopimwa dhidi ya seli halisi ni ndoto za mchana. Kila mmoja wao ni nusu ya mtafiti.

Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walilidhihirisha jambo hili zamani. Walipima umeme katika uzi mnene wa neva wa ngisi, kisha wakatunga milinganyo ya kueleza jinsi chembe za sodiamu na potasiamu zinavyopenya utando wa neva hiyo. Tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Cambridge haikuweza kutumika wakati huo, kwa hivyo Huxley akakokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, majuma kadhaa. Kazi yao ilichapishwa 1952, na 1963 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwalimu wa hisabati aulizwaye kila muhula, "Mwalimu, haya yatatufaa nini?" na awasimulie wanafunzi wake kisa hicho.

Serikali kuu ya Ujerumani ilipoamua kuunganisha nadharia na majaribio, haikujenga kasri moja mjini Berlin. Ilichagua vituo vinne, Berlin, Freiburg, Göttingen na München, na baadaye vikaongezwa vya Heidelberg-Mannheim na Tübingen. Mtandao huo ulipewa jina la Julius Bernstein, mwanafiziolojia aliyezaliwa Berlin 1839, ambaye 1902 alitoa nadharia kwamba umeme wa neva watokana na utando wa seli. Kila kituo kiliwafunga pamoja wanafizikia, wanabiolojia, madaktari na wahandisi waliokuwa tayari katika mji mmoja lakini wakipitana njiani bila kusalimiana. Fedha zilitolewa kwa kazi iliyowashirikisha wa pande zote mbili, na wanafunzi wa shahada ya uzamifu wakafunzwa kutumia elektrodi na kuandika programu pia.

Fauka ya hayo, kuanzia 2006 ilitolewa tuzo kwa mtafiti kijana, ya hadi euro milioni 1.25 kwa muda wa miaka mitano. Hii si tuzo ya kutundikwa ukutani. Ni fedha za kuanzisha kikundi chake mwenyewe kabla hajazeeka akimbebea profesa mkoba.

Lakini jambo linalonivutia zaidi halina fahari hata kidogo. Ni kituo cha huduma za data kilichowekwa München, katika Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian. Kila aliyepitia maabara anaijua aibu ninayotaka kuieleza. Mwanafunzi hurekodi mipigo ya neva miaka mitatu, hutetea tasnifu yake, hupata kazi kwingine, na diski yake hubaki ndani ya droo. Mwaka unaofuata mwingine huifungua na kukuta safu za tarakimu zisizo na maelezo: ni mnyama gani, elektrodi ilikuwa wapi, vipimo ni vya milivolti au vya nini? Data hizo zimekufa ingawa hazijafutwa. Kazi ya kituo kile ni kuwasaidia watafiti kuzipanga rekodi, kuziandikia maelezo, kuzihifadhi na kuzigawana. Waama ni kazi ya ukarani, na wakubwa wengi huidharau. Bila hiyo, mwanahisabati wa Freiburg hana la kufanya na jaribio lililofanywa Göttingen.

Linganisha na mradi mkubwa wa Muungano wa Ulaya ulioanza Oktoba 2013 chini ya Henry Markram, ambaye 2009 alikuwa ametangaza hadharani kwamba ubongo wa binadamu waweza kuundwa ndani ya tarakilishi kwa miaka kumi. Haukupita hata mwaka mmoja kabla ya mamia ya wanasayansi kutia saini barua ya wazi, Julai 2014, wakilalamikia jinsi ulivyoendeshwa na jinsi utafiti wa fikira na tabia ulivyosukumwa kando. Uongozi ukabadilishwa. Mradi ulikwisha Septemba 2023 baada ya kutumia euro zipatazo milioni 600, na ubongo ulioahidiwa haukuonekana. Kilichobaki, na si haba, ni ramani za ubongo, programu na hifadhi za data ambazo watafiti wanazitumia. Yaani hata mradi ulioanza kwa majigambo uliokolewa na ukarani ule ule!

Yamkini msomaji atasema kwamba Wajerumani wana fedha, nasi hatuna. Ni kweli, na sitaki kuficha kwamba pale Jülich wana matarakilishi makuu tusiyoweza hata kuyalipia umeme. Hata hivyo, programu ya NEST, inayotumiwa kuiga mitandao ya neva katika matarakilishi hayo, hutolewa bure, na yaweza kuendeshwa katika kipakatalishi cha kawaida cha mwanafunzi. Kinachokosekana hapa ni mhadhiri wa kumwelekeza.

Wala si kwamba ubongo ni anasa ya mataifa tajiri. Chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kiliasisiwa papa hapa Nairobi 1993. Kule Kilifi, watafiti wamekuwa tangu 1989 wakichunguza malaria kali ya watoto, na wameonyesha kwamba baadhi ya wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa, au na matatizo ya lugha na kumbukumbu. Mwalimu wa shule ya msingi pwani huenda anaye mtoto kama huyo darasani, akamdhania mvivu. Rekodi za umeme wa ubongo wa watoto hawa zina maswali ambayo hakuna panya wa Göttingen awezaye kuyajibu. Je, ni vijana wangapi wa Kenya waliofunzwa hisabati ya kuzichambua?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema kwamba Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itapewa kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo haijatimizwa, na sioni dalili ya kutimizwa karibuni. Lakini vyuo vyetu havihitaji kungoja asilimia 2 ili kumwajiri mhadhiri mmoja anayehesabiwa katika idara mbili, ya hisabati na ya fiziolojia, na kumpandisha cheo kwa kazi ya idara zote mbili. Kwa sasa mhadhiri wa aina hiyo huwa mwana wa kambo kotekote. Kila idara humwona wa wenzao. Havihitaji asilimia 2 pia kumwajiri karani wa data.

Baraza la chuo litakapoketi kujadili bajeti, na mtu akaleta mchoro wa jengo jipya la utafiti, naomba aulizwe kwanza: rekodi za mwanafunzi wa uzamifu aliyehitimu mwaka jana ziko wapi, na ni nani mwingine awezaye kuzisoma?