Nesi Leo, Mkurugenzi Kesho

Binti wa mtaani akichaguliwa uuguzi utawasikia masela: "Kwisha kazi, huyo ni kubeba mikojo ya watu mpaka astaafu!" Midomo tu hiyo. Hawajui ngazi ile inaishia wapi.

Inaanzia chuoni, na Kemia, Baiolojia na Fizikia usizichezee. Stashahada ni miaka mitatu, na hata ukimaliza hujawa nesi bado. Sharti usajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, upewe leseni. Sheria ya mwaka 2010 haina utani hapo. Kisha ni wodini na zamu za usiku. Ukiaminika unakabidhiwa wodi, halafu umatroni (mwanamume ni patroni, msicheke), halafu muuguzi mkuu wa wilaya au mkoa. Kule juu kabisa, wizarani Dodoma, yupo Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga. Na ngazi si lazima iishie hapo: Sheila Tlou wa Botswana alianza nesi, akawa profesa, na kuanzia 2004 hadi 2008 alikuwa waziri wa afya wa nchi yake.

Sasa, bosi wa manesi anafanya nini? Wengi mnaona shangingi na kiyoyozi. Wajameni, kazi yake ni hesabu! Chukua wodi moja inayotaka nesi mmoja tu, saa 24. Asubuhi, jioni, usiku, mara siku saba: zamu 21 kwa wiki. Nesi akifanya zamu tano, unahitaji wanne na ushei. Weka likizo, uzazi, anayeumwa na aliyekwenda kusoma, wanakuwa watano. Watano, ili kitini awepo mmoja! Haya, zidisha kwa wodi zote za mkoa.

Hesabu ikigoma, saa nane usiku mama mwenye uchungu anaita, nesi yuko kwa mwenzake wa kitanda cha tatu. Asubuhi tunaandika kuwa manesi wana roho mbaya. Wapo kweli wenye ndimi za pilipili, hao siwatetei, na kuwabana ni kazi ya mkubwa wao. Lakini mara nyingine ni zamu tu ilikuwa na pengo.

Hata Florence Nightingale, ambaye Siku ya Wauguzi, 12 Mei, ni siku aliyozaliwa mwaka 1820, tunamkumbuka kwa taa yake. Silaha yake kubwa ilikuwa takwimu. Baada ya vita vya Crimea aliwachorea wakubwa wa Uingereza michoro wakaona wenyewe kwamba askari wengi waliuawa na maradhi, si risasi.

Tatizo la kiti hiki ni kwamba pengo la usiku utaulizwa wewe, ila kuajiri huajiri wewe. Kibali kinatoka Utumishi. Unaomba, unasubiri, unaomba tena. Na yule nesi mwenye mkono mwepesi, ambaye watoto hawalii akiwachoma, akipanda cheo tunampotezea kwenye mafaili na vikao. Hilo mimi linaniuma.

Bado unaitaka? Basi leo jioni fungua daftari la Kemia. Wiki ijayo ni zamu ya marubani.