Mwenye Habari Asifunge Mlango

Kila Ramadhani inapoingia na inapotoka, maneno huwa mengi huku Pwani. Huyu asema mwezi umeandama, yule akana. Mwandishi wa gazeti apiga simu kwa wakubwa wa jumuiya, hapati jibu. Uvumi ukichapishwa, lawama zote ni za gazeti!

Wazee wetu hawakulikimbia gazeti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, alianzisha Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Alijua kuwa mimbari peke yake haifikishi neno kila nyumba.

Basi jumuiya na vyama vyetu viteue msemaji anayejulikana, ajibu mapema, na akiri kosa likitokea. Bahasha ya "nauli" haijengi urafiki. Hununua sifa ya siku moja tu.

Nao waandishi wakumbuke mafunzo ya Surat Al-Hujurat, aya ya 6: habari ichunguzwe kwanza, watu wasije wakadhuriwa bila ya kujua, kisha yabaki majuto. Mwandishi atabishaje hodi asubuhi, ikiwa jana alichapa asichokiuliza?