Dari si pambo

Ifikapo saa saba mchana, mwezi wa Februari, katika darasa la pwani lililoezekwa kwa bati tupu bila dari, mwalimu hahitaji saa ya ukutani ili atambue kuwa siku imekwisha. Atatambua kwa kuwatazama wanafunzi. Wapo waliolalia madaftari, wapo wanaojipepea kwa vitabu, na wale wa nyuma wamekwisha acha kusikiliza. Lawama hutupiwa mtoto kwamba ni mvivu, au mwalimu kwamba hajui kazi yake. Ni nadra mtu kuinua macho na kulitazama paa.

Bati linalopigwa na jua kali la mchana huweza kufikia nyuzijoto 60 na kuzidi. Joto hilo haliishii juu ya paa. Bati huliteremsha chini kwa mionzi, kama vile jiko la mkaa linavyomchoma usoni mtu aliyekaa mbele yake hata kama upepo unavuma. Ndiyo maana kufungua madirisha peke yake hakutoshi. Mvua ikinyesha, bati hilo hilo hupiga kelele kiasi kwamba somo husimama. Na huko Njombe, Makete na Mbeya, katika baridi ya mwezi Juni na Julai, bati tupu hupoteza joto la chumba usiku kucha, na alfajiri matone ya maji humdondokea aliyelala. Paa moja huadhibu watu kwa joto pwani, na kwa baridi nyanda za juu.

Dawa yake inajulikana, wala si ya ajabu. Ni dari. Dari huikinga mionzi ya bati isiwafikie watu, na hewa iliyo kati ya bati na dari haipitishi joto kwa urahisi. Ikiwa matundu yameachwa kwenye ncha mbili za paa, hewa ya moto hutoka na nyingine huingia. Matundu hayo sharti yawekewe wavu, maana kila mwalimu aliyekaa chini ya dari iliyovamiwa na popo anajua adha yake. Karatasi ya alumini inayong'aa, ikitandazwa chini ya bati, hupunguza mionzi zaidi. Bati jipya jeupe nalo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini likishika kutu hunywa joto.

Maarifa haya hayakuja na meli. Wagogo wa Dodoma walijenga tembe, nyumba zenye paa la boriti na fito lililofunikwa udongo mzito. Joto la mchana lilichukua saa nyingi kuupenya udongo huo, na usiku wa baridi ulipofika, udongo ulikuwa bado una joto la kuwatosha waliolala. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Unguja waliinua kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na mitaa wakaifanya myembamba ili nyumba moja iipe nyingine kivuli. Nyumba za makuti za pwani zilikuwa baridi kwa sababu makuti yana hewa nyingi ndani yake. Hapana haja ya kuzitukuza nyumba hizo kupita kiasi: makuti yanawaka moto na kuvuja, na tembe nyingi zilikuwa na giza na moshi. Kosa halikuwa kuyaacha makuti na udongo. Kosa lilikuwa kuleta bati bila kuuliza kazi ya kuzuia joto, iliyokuwa ikifanywa na paa la zamani, sasa ingefanywa na nini.

Mwalimu Julius Nyerere, alipotathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha mwaka 1977, aliwakosoa wananchi waliodharau tofali za kuchoma na vigae huku wakingojea saruji na bati. Aliuona msimamo huo kuwa ni kudumaa kwa fikra. Miaka imepita, bati limeenea hadi vijijini, na hapana anayeweza kubeza faida yake, kwani hudumu na hukinga mvua. Lakini kudumaa kule kungalipo kwa sura nyingine: nyumba huhesabiwa kuwa bora mara tu bati linapong'aa juu yake, hata kama wakaaji wake hukimbilia chini ya mwembe kila mchana.

Wenye uwezo hununua kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja hutumia takriban kilowati moja kinapofanya kazi, umeme unaoweza kuendesha feni za dari zaidi ya 10. Kukifunga chini ya bati tupu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Ni kweli kwamba bwawa la Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na ni jambo la kujivunia. Lakini wingi wa umeme katika gridi hauipunguzi bei ya uniti anazonunua mwalimu kwa mshahara wake. Na taifa lililoonja mgawo wa umeme wa mwaka 2006, mito ilipokauka, lina sababu ya kutojenga majengo yasiyokalika pindi umeme unapokatika.

Watasema wengine kwamba dari ni gharama. Ni kweli. Wananchi huchanga nguvu zao kuinua boma, halmashauri hupokea fedha za kulimalizia, na fedha zikipungua, dari huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa kwa kuwa hudhaniwa ni pambo. Lakini rahisi ni ghali. Dari hununuliwa mara moja, ilhali joto hulipiwa kila siku: kwa uniti za umeme, kwa vipindi visivyofundishika, na kwa walimu wanaoomba uhamisho kwa sababu nyumba waliyopewa hailaliki.

Tena yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi, bali kufikiri kabla ya msingi kuchimbwa. Katika nchi hii iliyo karibu na Ikweta, jua hupiga kwa ukali upande wa mashariki asubuhi na upande wa magharibi jioni. Jengo likielekezwa ili kuta zake ndefu na madirisha zitazame kaskazini na kusini, sehemu kubwa ya joto hilo huepukwa bila kulipa hata senti. Upenu mpana hukinga ukuta. Madirisha yanayotazamana hupitisha upepo. Mti uliopandwa upande wa magharibi siku jengo linapoanza utakuwa na kivuli kabla rangi ya kuta haijachujuka.

Basi wahandisi wa halmashauri wana wajibu wa kuiandika dari katika makadirio kama wanavyoiandika milango, na madiwani wana wajibu wa kukataa kupokea jengo lisilo nayo. Kamati za shule zinaweza kuanza na darasa moja, lile lenye watoto wadogo. Na mtumishi anayejenga nyumba yake kidogo kidogo kwa mkopo, kabla hajaongeza chumba cha nne au geti la fahari, na amalize kwanza dari ya chumba wanamolala watoto.