Kiluwiluwi naye asimulie

DIRISHA LA DARASA
Na Rehema Kiondo

Waulize darasa la nne hatua za ukuaji wa mbu, watakujibu kwa sauti moja: yai, kiluwiluwi, buu, mbu kamili. Mwalimu atatia vema, kipindi kimekwisha. Lakini watoto haohao wapeleke kwenye dimbwi nyuma ya choo cha shule, uwaambie wakuonyeshe kiluwiluwi. Wengi watakutazama tu.

Dawa ya hili imo ndani ya ratiba yenyewe: kipindi cha insha. Chota maji ya dimbwi kwenye chupa inayopitisha mwanga, funga mdomo wake kwa kipande cha chandarua kikuukuu, iweke dirishani. Kisha waambie: wewe ni kiluwiluwi, simulia siku yako. Mtoto hamalizi sentensi ya pili kabla hajairudia chupa. Ninakula nini? Napumuaje nami nimo majini? Akitulia ataona kiluwiluwi anavyopanda juu kila mara, kichwa chini, mkia juu, akivuta hewa kwa kijibomba cha mkiani. Akimwona aliyelala sambamba na uso wa maji, huyo ni wa anofelesi, mbu wa malaria. Tofauti hiyo haitamtoka, kwa sababu ameitafutia maneno mwenyewe. Na buu? Buu hali chochote, ila ukigonga chupa huchupa. (Buu wakishaonekana, maji yamwagwe kwenye udongo mkavu kabla mbu hawajatoka.)

Wapo watakaosema ubunifu ni uongo na sayansi haitaki uongo. Siafiki hata kidogo. Kiluwiluwi wa hadithi anaweza kuogopa, anaweza kumlilia mama yake. Hawezi kuota mapezi. Mtoto anayejua aachie wapi kubuni ameelewa somo kuliko aliyekariri hatua nne.

Nchi hii ina ushahidi wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji zilikuwa zinakwisha, akaingiza maziwa yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyoingia ya baridi. Alipouliza sababu, walimu na wenzake walimcheka. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha makala iliyopeleka jina la Mpemba duniani kote, na makala hiyo inaanza na Mpemba akisimulia mwenyewe: maziwa, friji, kicheko na yote. Kabla ya vipimo, kulikuwa na kijana aliyejua kueleza alichokiona.

Mwalimu mwenye watoto 80 ataniuliza nani atasahihisha. Watoto watano waandike hadithi moja, waisome mbele ya darasa, wenzao waihakiki chupa ikiwa mezani. Kalamu nyekundu ianze na ukweli wa mambo, tahajia ifuate. Mtihani wa kuchagua herufi hautayapima haya, nalo ni tatizo la mtihani. Ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo: muhula ujao, walau siku moja kwa wiki, kipindi cha Kiswahili kipangwe kifuatane na cha sayansi, bila kengele katikati.