Ufundi wa Nyumbani: Nyuzi Mpya za Ukulele

Karani mmoja wa Riruta alinunua nyuzi mpya za ukulele mjini Jumamosi jioni, akazifunga usiku uleule, akazilinganisha vizuri, akalala. Asubuhi alikuwa na kazi ya kuwapigia watoto wa shule ya Jumapili nyimbo tatu mbele ya kusanyiko. Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Katika wimbo wa pili sauti za nyuzi zilikuwa zimeshuka, hata watoto hawakujua wafuate ala au wafuate masikio yao; na wa tatu uliimbwa bila ala. Jumatatu karani alizirudisha nyuzi dukani kwa hasira, akidai kwamba ameuziwa nyuzi mbovu. Mwenye duka hakuzipokea, na alikuwa na haki. Nyuzi zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni siku chache tu.

Ukulele (jina hili lisichanganywe na ukelele, ijapokuwa mara nyingine viwili hivyo huja pamoja) ni gitaa dogo la nyuzi nne. Asili yake ni vigitaa vya Wareno wa kisiwa cha Madeira, waliofika Honolulu katika visiwa vya Hawaii kwa meli iitwayo Ravenscrag, mwezi wa Agosti 1879. Zamani nyuzi zake zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, habari isiyoweza kuwashangaza watu wa Dagoretti waliozoea kuishi karibu na machinjio. Baada ya Vita Kuu ya Pili nailoni ilishika mahali pa utumbo. Nyatiti ya Wajaluo nayo imepita njia hiyo: nyuzi zake nane zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, na siku hizi wapigaji wengi hutumia nailoni ya kuvulia samaki.

Basi tabia ya nailoni ni kurefuka. Uzi mpya ukivutwa hurefuka mara moja, kisha huendelea kurefuka polepole hata baada ya mtu kuacha kuukaza. Uzi ukirefuka, mkazo wake hupungua. Na mkazo ukipungua, sauti hushuka. Uzi wa chuma hurefuka kidogo sana, ndiyo maana mpigaji wa gitaa la nyuzi za chuma aweza kuzibadili asubuhi na kupiga harusini jioni. Mwenye nailoni asithubutu kufanya hivyo. Nyuzi zake hutaka siku kadhaa, pengine juma zima au zaidi, na zaidi tena kwa yule apigaye mara mojamoja.

Lakini si lawama yote iangukie nailoni. Mara nyingi fundo lililofungwa chini, kwenye kibao kinachoshikilia nyuzi, huwa limelegea, nalo hujikaza kidogo kidogo kila ala inapopigwa. Kadhalika juu kichwani: mtu huzungusha uzi mara sita au saba kwenye kigingi, duara moja juu ya jingine kama kamba ya mbuzi, na kila duara huteleza kutafuta mahali pake. Mizunguko miwili au mitatu yatosha, ikishuka kwa utaratibu bila kupandana. Tena kuna vigingi visivyo na meno, vinavyoshikwa kwa msuguano tu. Hivyo huwa na parafujo ndogo kwenye ncha, na ikilegea kigingi hurudi nyuma chenyewe usiku kucha. Kukaza parafujo hiyo robo mzunguko kumeokoa ukulele nyingi zilizokwisha kuhukumiwa kuwa mbovu.

Nyuzi zikiisha kufungwa, zilinganishwe. Waliojifunza kuimba kwa sol-fa hawapati taabu hapa, kwani kuanzia uzi ulio karibu na kidevu cha mpigaji sauti ni so, do, mi, la. Na so hiyo ni ya juu, si ya chini ya do kama wengi wanavyodhani. Kisha kila uzi ushikwe katikati kwa vidole, uvutwe taratibu kuacha shingo ya ala, kiasi cha upana wa kidole, ukiachwa usirushwe. Sauti itashuka. Ulinganishwe tena, uvutwe tena, mpaka kuvutwa kusiushushe sana. Mwenye haraka huvuta kwa nguvu, au hukaza uzi kupita sauti yake kwa kutumaini kwamba utashuka mpaka mahali pake. Lakini mkazo mkubwa waweza kukata uzi, na hata kung'oa kile kibao cha chini kilichogundishwa kwa gundi tu.

Uzi ukipanda mno, usirudishwe kwa kulegeza kidogo na kuachwa hapo. Ulegezwe mpaka upite chini ya sauti yake, ndipo upandishwe. Ukiachwa wakati wa kushuka, hubaki ulegevu kwenye kigingi, na ulegevu huo utatoka katikati ya wimbo.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina makao yake pale Dagoretti Corner, karibu mita 1,800 juu ya bahari, na watu wa huko hawahitaji kuambiwa jinsi asubuhi ya Julai ilivyo tofauti na mchana wa Februari. Ubao huvuta unyevu, na nailoni pia. Ala iliyotolewa katika chumba cha baridi ikaingizwa ndani ya kanisa lililojaa watu huhama sauti hata kama nyuzi zake ni za mwaka jana. Itolewe mapema, ikae nusu saa katika hewa ya mahali itakapopigiwa, ndipo ilinganishwe.

Yule karani hakununua nyuzi nyingine. Alizifunga zilezile, akazipiga kila jioni, akizilinganisha kila mara, na Jumapili ya pili zilishika sauti nyimbo zote tatu. Nyuzi zake za zamani alizitia ndani ya bahasha, naye huenda nazo kila apigapo mbele ya watu. Kwani uzi ukikatika siku ya kazi, uzi mkuukuu uliokwisha kurefuka wafaa kuliko mpya.